Maua ya Padri, Vijiti vya Muramura

Mbele ya nyumba ya mama, hapa Kihanga, upande wa jikoni, kuna maua ya njano ambayo jina lake halisi silijui. Majani yake ni mapana kama ya mgomba mchanga. Shina linanifika kifuani. Ua lenyewe ni la njano ya kiini cha yai la kienyeji, na ndani kooni lina madoa mekundu. Kule Bugomora, Kyerwa, nilikoolewa, Wakatoliki waliyaita maua ya padri, kwa sababu mizizi ya kwanza ilitoka kwenye bustani ya parokia. Sisi Walutheri hatukuweza kulipokea jambo hilo hivihivi, tukayaita maua ya mchungaji, ingawa mchungaji wetu hakuwahi kupanda hata kitunguu. Mwaka juzi nilimwonyesha muuza mbegu mmoja picha kwenye simu. Akaikazia macho, akasema, "Haya ni ya mapambo, mama." Nikamshukuru. Hata mimi nilijua si muhogo.

Ninachojua ni tabia yake. Ni mmea wa kudumu. Ukiukata leo, wiki ijayo umechomoza pembeni. Kiangazi kikija majani yanakauka, yanalala chini kama matambara, na mgeni akipita atakwambia pole, maua yako yamekufa. Hayajafa. Mzizi uko chini, mnene kama tangawizi, unangoja mvua ya kwanza ya Septemba. Nimeyatunza zaidi ya miaka ishirini, katika nyumba mbili, na sijawahi kuona yakikosa kurudi. Na kwa sababu hiyo hiyo ya kudumu yalikaribia kunikosesha mahali pa kulala.

Nilirudi nyumbani kwetu nikiwa na miaka hamsini na miwili. Sitaeleza sana. Mume wangu alileta mke mwingine, aliyelingana umri na binti yetu wa kwanza, na mekoni kukawa na mafiga mara mbili. Nilivumilia mwaka mzima. Watu waliniuliza baadaye niliamua lini kuondoka, nami sikuamua. Nilichoka tu. Asubuhi moja niliketi kwenye gogo la jikoni kupepeta maharage, na nilipotaka kuinuka mwili ukakataa, nikajua kwamba nikiinuka safari hii nitainuka kwenda.

Watoto walikuwa wameshakua, kila mmoja na kwake. Migomba niliyoipanda kwa mikono yangu ilibaki. Kahawa ilibaki pia. Kahawa hubaki na shamba, na shamba hubaki na mwanaume, hilo hakuna asiyelijua. Nilichukua begi la nguo na mizizi mitatu ya maua, niliyoifunga kwa majani makavu ya mgomba. Yule mke mdogo alinisindikiza mpaka barabarani akinibebea begi. Alikuwa na adabu zake. Alipouliza kile kifurushi kina nini nikamwambia dawa, nikaona aibu kwa uongo huo njia nzima hadi Kayanga.

Nyumbani nilimkuta mama na kaka. Baba alikuwa ametangulia siku nyingi. Kaka ndiye mtoto wa kwanza na ndiye mrithi. Nyumba yake iko ndani ya kibanja cha baba, shamba letu la ukoo, ng'ambo ya mistari michache ya kahawa, mahali ambapo ukiita unasikika. Mama alikaa peke yake katika nyumba ya zamani. Magoti yake yalikuwa yameanza kumkataa, na wifi yangu, mke wa kaka, alikuwa anakuja mara mbili kwa siku kumtazama, akiwa na watoto wake wanne wa kiume wa kulisha. Kwa hiyo kurudi kwangu hakukumhuzunisha mtu. Nilipokelewa kama ndoo ya maji inavyopokelewa penye uhitaji.

"Karibu, dada," kaka aliniambia siku ile ya kwanza. "Mama anahitaji mtu. Lima unachotaka, mahali popote upande huu wa mama. Ila kiwe cha msimu."

Nilielewa. Mimi ni mtoto wa hapa. Maharage, mahindi, karanga, viazi vitamu, vyote hivyo ni vya msimu: unapanda, unavuna, udongo unabaki kama ulivyoukuta. Migomba, kahawa na miti ni habari nyingine. Hivyo vinakaa, na anayevipanda anakaa navyo. Kwetu mtu akipanda cha kudumu kwenye ardhi ameshasema, hana haja ya kufungua mdomo, na wenye ardhi wanasikia. Ndiyo maana mgeni akipewa mahali pa kulima huambiwa neno hilo kabla hata hajapewa jembe. Sikutegemea kuambiwa mimi. Lakini nilikuwa nimechoka, na aliyechoka hukubali haraka, nikasema, "Asante, kaka."

Kaka si mtu mbaya. Ningependa awe mbaya, ingenirahisishia mambo.

Maua niliyapanda wiki ile ile, sikumuuliza mtu. Nilichagua mahali pale maji ya vyombo yanapomwagwa, kwa sababu mmea huu ni mlevi wa maji. Nilichimba kina cha shubiri mbili, nikaweka samadi iliyolala vizuri, nikalaza mzizi ubavuni macho yake yakiangalia juu, nikafukia, nikatandaza nyasi. Mama alikuwa ameketi mlangoni akinitazama.

"Unapanda migomba isiyozaa?" aliuliza.

"Ni maua, mama."

"Naona. Miaka yote hiyo huko Kyerwa, umerudi na maua."

Alicheka hadi akakohoa. Mimi pia nilicheka. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kucheka tangu nitoke kwa mume wangu, na nilicheka juu ya hasara yangu mwenyewe.

Nimeyatunza kama tunavyotunza migomba, kwa sababu sijui njia nyingine. Katika kila shina nilibakiza mama, mtoto na mjukuu, mengine nikayang'oa. Shina likimaliza kutoa maua nalikata chini kabisa, usiliachie kisiki, kwa kuwa kisiki kinaoza na kuoza kunashuka. Kila baada ya mvua za masika naongeza nyasi. Ua likinyauka nalivunja kwa kidole gumba ili mmea usipoteze nguvu kwenye mbegu. Kazi hiyo yote haizidi robo saa kwa siku, na kuna siku nilikuwa naingojea robo saa hiyo tangu alfajiri.

Maana saa zilizobaki zilikuwa za mama. Kumwamsha, kumgeuza, kumwogesha, kumvalisha, kumbeba mgongoni kwenda chooni na kumrudisha, mara nne kwa siku, mara sita akinywa uji mwingi. Mama ni mwembamba, lakini mtu mzima ni mtu mzima. Watu walipita wakasema, "Mungu akubariki, unapata thawabu," wakaendelea na safari zao. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Sikumchukia mama hata siku moja. Nilichukia ile milango miwili, wa nyumba na wa choo, ambayo fundi aliijenga kwa ajili ya watu wembamba wanaopita mmoja mmoja.

Novemba ya mwaka ule maua yalifunguka. Nilifurahi, nasema wazi, nilifurahi kama mtoto. Nilimbeba mama nikamketisha mbele yake. Alitazama kwa muda mrefu, akasema rangi hiyo inafanana na ile kanga yake iliyopotea kanisani siku ya mavuno, na kwamba anamjua aliyeichukua, na kwamba amemsamehe ila jina hatalitaja. Kisha akalitaja. Toka siku hiyo akawa anataka kukaa pale kila asubuhi, na mimi nikapata nafasi ya kudeki nyumba bila kuitwa.

Tatizo lilikuwa mbuzi. Kaka ana mbuzi saba, na siku zile hakuwa anawafunga kiangazi, mashamba yakiwa wazi. Wakagundua machipukizi yangu, yaliyoamshwa na maji ya vyombo kabla ya mvua. Walianza na mawili, wakapenda. Nilikwenda kwa wifi.

"Wifi, mbuzi wenu wanakula maua yangu."

"Mbuzi hawajui maua, wifi. Wameona majani."

Hapo alisema kweli, na mimi sikuwa na nguvu za kubishana. Nikarudi nikiwa nimeamua kuzungushia uzio. Nilihitaji vijiti. Mabua ya mahindi yalikuwa yameshaliwa, matete yako mbali bondeni, na mama hawezi kuachwa zaidi ya nusu saa. Kilichokuwa karibu ni muramura.

Muramura tunao kila mahali hapa. Ni mti mwembamba, majani yake marefu kama panga, nao ndio tunaopanda mpakani kati ya kibanja na kibanja. Hata jina lake lina kuamua ndani yake: kwa Kinyambo anayetenganisha wagombanao na kuwapatanisha anafanya kazi inayoitwa hivyo hivyo. Ukisimama muramura, maneno yanaisha. Na hauoti kwa kubembelezwa. Chomeka kipande popote, hata kilichokaa juani wiki mbili, mvua ikinyesha kinachipua. Wazee waliupendea hilo. Mpaka unaokufa una faida gani?

Yote hayo niliyajua, ndiyo maana nilivigeuza. Nilikata vijiti kumi na vinne kutoka kwenye ule mstari wa zamani unaotutenga na jirani wa chini, ambao ulikuwa umerefuka unahitaji kupunguzwa, nikavichomeka kuzunguka maua vikiwa kichwa chini, miguu juu. Tangu utoto nimesikia kwamba muramura ukipinduliwa hauchipui. Nilifika cha tisa. Hapo mama akaita.

Alikuwa anataka kwenda chooni, na safari hii haikuwa ya kungoja. Nilikwenda, sikuwahi. Nikambeba, nikamsafisha, nikafua shuka, nikaanika, nikamketisha. Alikuwa analia kwa aibu na mimi nikawa namwambia si kitu, si kitu, kwa sauti isiyo yangu. Niliporudi kwenye vijiti jua lilikuwa limeshapiga magharibi na mgongo wangu ulikuwa umekwisha. Vile vitano vya mwisho nilivichomeka vyovyote. Sikutazama juu ni wapi na chini ni wapi. Vilikuwa upande wa kule kwenye kahawa ya kaka.

Mvua ya Septemba ilikuja. Maua yakarudi, na vijiti vitano vikatoa macho ya kijani. Vile tisa vilikauka kama nilivyotaka. Niliviona vile vitano asubuhi ya kwanza kabisa, nikasema kesho nitaving'oa. Kesho mama alikuwa na homa. Keshokutwa nilipanda maharage, kwa kuwa mvua haingoji. Ukiuliza nilichelewa kwa nini, jibu langu ni hilo tu, kesho, na ni jibu la kijinga. Zikapita wiki tatu, vijiti vikatoa majani marefu yaliyonyooka, vitano kwa mstari, kama vilivyopimwa kwa kamba.

Kaka alikuja Jumamosi kumsalimu mama. Nilikuwa naosha vyombo.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba." Hakuketi. Alikuwa anatazama nyuma yangu. "Nani amepanda muramura hapa?"

"Havikupandwa. Ni vijiti vya kuzuia mbuzi."

"Mbuzi gani?"

"Mbuzi wako."

Alisogea akainama, akagusa kijiti kimoja kikavu, akakitikisa. "Hiki umekipindua."

"Ili kisichipue."

"Kwa hiyo ulijua."

"Nilijua, kaka, ndiyo maana nikapindua."

"Tisa umepindua," alisema, akivionyesha kimoja kimoja kwa kidole, "na hivi vitano vinavyotazama kahawa yangu umeviacha vimesimama. Dada, mimi si mtoto."

Nilimweleza kuhusu mama na shuka. Nilimweleza yote, hata yale ambayo mtoto wa kiume hapaswi kuambiwa kuhusu mama yake. Alinisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Kisha akasema hana ubishi na choo, ila choo hakichomeki muramura. Nikaona kweli kwamba nikiwa mahali pake hata mimi nisingemwamini dada huyu. Kama ningevichomeka vyote vibaya, ningekuwa mjinga na mambo yangeisha. Akili yangu ndogo ya vile tisa ndiyo iliyonishtaki.

"Umegawa kibanja mama akiwa hai," alisema. Hakupiga kelele. "Jumapili tutakaa."

Tulikaa sebuleni kwa mama baada ya ibada, kwa sababu manyunyu hayakuruhusu kukaa nje. Baba yetu mdogo aliongoza kikao kwa kuwa ndiye aliyebaki wa tumbo la kina baba. Alikuwa na mafua, kitambaa mkononi, na simu yake ililia mara mbili. Mara zote mbili alitoka nje kuongea kuhusu mabati. Kaka aliketi mbele yake. Wifi alimimina chai. Mama alikuwa kwenye kiti chake, blanketi miguuni, na mimi nilikaa chini kwenye mkeka karibu na mlango, mahali anapokaa mtu anayezungumzwa.

Kaka alisema lake. Alisema ana watoto wanne wa kiume na kibanja ni kile kile, hakinyooshwi kama unga. Alisema anayajua yaliyowapata watu fulani upande wa Kaisho: dada alirudi, akaonewa huruma, akapanda migomba mitano tu ya kula, na mwisho wa yote shamba lilikatwa katikati kama mkate. Hakuwa ananichukia. Alikuwa anaogopa, na uoga wake niliuona mikononi, alivyoshika kikombe bila kunywa. Aliomba niandike kwamba mimi ni mgeni pale, niweke sahihi, au nirudi nilikotoka.

Baba mdogo alinigeukia. "Umepanda nini?"

"Maua, baba."

"Yanaliwa?"

"Hapana, baba."

"Yanauzwa?"

"Hapana."

"Ni dawa?"

"Hapana, baba."

"Sasa ni ya nini?"

"Ya kutazama."

Mtu mmoja alicheka, nafikiri ni wifi, kisha wakacheka wote, hata kaka kidogo. Nikacheka nami. Baba mdogo akafuta pua. "Basi hayo si kitu," alisema. "Kitu kisicholiwa wala kuuzwa hakidai ardhi. Muramura ung'olewe leo. Maua yabaki, hayana neno."

Nilipaswa kufurahi. Maua yangu yalikuwa yameshinda kesi kwa kuwa si kitu, na nilihisi uso wangu unawaka kana kwamba nimepigwa kofi. Zaidi ya miaka ishirini ya kuyatunza, na yalipata ruhusa ya kuishi kwa sababu hakuna aliyeona umuhimu wake.

"Na yeye?" kaka aliuliza. Alikuwa anamaanisha mimi. "Yeye anakaa mpaka lini?"

Hapo mama akaongea. Tulikuwa tumemsahau, kama watu wanavyowasahau wazee walioketi kimya. "Akienda," alisema, "nani atanibeba kwenda chooni?"

Mama akamtazama kaka. "Wewe?"

"Mama, mimi ni mwanaume."

Akamtazama wifi. Wifi akaitazama chupa ya chai, akaifungua, akaona bado ina chai, akaifunga. Mama akamtazama baba mdogo, ambaye hakuhusika kabisa, na ambaye alianza kukohoa. Mama hakuwa na hasira. Alikuwa anauliza kweli, kama mtu anavyouliza nani amebaki na ufunguo.

Baba mdogo akatoa uamuzi, na kwa jinsi alivyoutoa haraka nadhani alikuwa anawahi mabati yake. "Atakaa muda wote mama yupo. Siku mama akituacha, tutakaa tena tuone. Hakuna haja ya kuandikishana, sisi ni ndugu."

Wote wakashusha pumzi. Kaka akanywa chai yake hatimaye, ikiwa baridi. Na mimi nilipiga magoti pale kwenye mkeka, kama nilivyofundishwa, nikashukuru. Nilimshukuru baba mdogo na nikamshukuru kaka. Sijasahau magoti hayo. Hakuna aliyenilazimisha, yalikunjika yenyewe.

Nilitoka kwenda kung'oa. Vile tisa vilitoka kwa mkono mmoja. Vitano vilikataa, ikabidi nilete jembe, na mizizi yake ilikuwa ya rangi ya chungwa, tayari inazungukana na mizizi ya maua chini kwa chini. Niliikata ile ya muramura na kuibakiza ya maua, nikiwa nimelala kifudifudi kwenye tope na gauni langu la kanisani. Kaka alisimama akinitazama. Nilipomaliza alivichukua vyote kumi na vinne, akavifunga kwa kamba ya mgomba, akaondoka navyo begani, maana huwezi kuutupa muramura ovyo. Akafika kwenye kahawa yake, akasimama, akageuka.

"Mbuzi nitawafunga," alisema.

Na kweli aliwafunga, kuanzia Jumatatu.

Niliingia ndani. Mama hakutaka kulala ingawa alikuwa amekaa kwenye kiti tangu mchana. Nilipika ndizi na maharage, nikaleta chakula kabla giza halijaingia, nikamshika mikono tuombe. Nieleze kitu hapa. Tangu nirudi mama alikuwa na sala moja tu ya chakula, aliyoisali kwa Kinyambo, kwa sauti ya mtu anayekumbushia ahadi. Alimwambia Mungu kwamba amechoka, kwamba wenzake wote wameshaenda, kwamba amchukue. Mimi niliitika Amina kila jioni. Sikuwa namtakia mabaya. Yeye alikuwa amechoka na mimi nilikuwa nimechoka, na sala ile ilikuwa ya wote wawili.

Siku ile alifumba macho hadi nikadhani amesinzia. Kisha akasema, "Mungu, niongezee miaka. Kumi. Kama kumi ni mingi, nipe mitano."

Nilifumbua macho. Yeye alikuwa ameshafumbua jicho moja, ananitazama, anangoja niitike. Magoti yake, mgongo wake wenye vidonda nilivyovipaka mafuta asubuhi, aibu ya mashuka, milango ile miwili, mara nne kwa siku, mara sita. Miaka mitano ya hayo. Aliiomba kwa ajili ya paa langu, na alijua kwamba najua.

Nikasema Amina. Ikatoka kama kikohozi. Mpaka leo sijui kama Amina ile nilimwombea yeye au nilijiombea nyumba.

"Pakua," mama alisema, akisogeza sahani yake. "Jaza. Nina kazi sasa."

Nikapakua.